Chagua kazi kwanza, chuo baadaye: jibu kwa kijana anayetaka kuishi kwa sanaa ya gemu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19 na nimemaliza sekondari. Nimechora tangu utotoni, hasa wahusika: mashujaa, mazimwi, nyuso za watu. Nataka sanaa ya gemu iwe kazi yangu ya maisha. Nimepata nafasi mbili. Ya kwanza ni chuo binafsi, shahada ya miaka 3 iitwayo Usanifu wa Gemu, lakini ada yake itawalazimu wazazi wangu kukopa. Ya pili ni chuo cha umma, shahada ya sanaa na ubunifu, ada nafuu, ila hakuna somo hata moja la gemu. Rafiki yangu anasema niachane na vyote nijifunze mtandaoni. Baba naye anauliza kama kazi hii itakuwepo bado, kwa jinsi akili mnemba inavyochora siku hizi. Nifuate njia ipi? Halafu, hisabati ni lazima? Mimi na hisabati hatupatani."

Jibu:

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limegota palepale: kwenye jina la ile shahada ya chuo binafsi. Nitaanzia hapo, kwa sababu wazazi wako wanakaribia kutia saini karatasi za mkopo, na mengine yote yanaweza kusubiri.

Usanifu wa gemu si sanaa ya gemu. Msanifu ndiye anayeamua mchezaji aruke umbali gani, adui afe kwa mapigo mangapi, hatua ya tano iwe ngumu kuliko ya nne kwa kiasi gani, na mchezaji ajuaje kwamba mlango fulani unafunguka. Kazi yake ni kanuni, majedwali ya namba, ramani za hatua na majaribio yasiyoisha. Ni kazi ya heshima, lakini mtu anaweza kuifanya miaka ishirini bila kuchora uso hata mmoja. Nimewapokea vijana kadhaa waliotoka kwenye shahada za aina hiyo wakiwa wameonjeshwa kila kitu: muhula mmoja wa kuandika programu, mmoja wa sauti, mmoja wa biashara, mmoja wa 3D, yaani maumbo ya pande tatu kwenye kompyuta. Wanajua vizuri jinsi gemu inavyopikwa, ila ukiwaomba wakuonyeshe kiti walichokijenga wenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, hawana. Kwa hiyo kabla ya lolote, omba chuo hicho orodha kamili ya masomo kwa kila muhula. Hesabu saa za kuchora, kuchonga, uhuishaji, rangi na mwangaza. Zisipofika nusu ya saa zote, hiyo shahada ni ya mtu mwingine, wala si yako.

Jibu langu la moja kwa moja ni hili: kwa jinsi ulivyonieleza, ningechukua nafasi ya chuo cha umma, na mkopo nisingeugusa. Lakini nafasi hiyo peke yake haitakufikisha, na kuna jambo la kufanya kabla masomo hayajaanza. Ngoja nieleze.

Sanaa ya gemu ni ukoo mzima, si mtu mmoja. Wewe unayependa kuchora wahusika bila shaka unajiona kama mchoraji wa dhana, yule anayemchora mhusika kabla hajajengwa. Karibu kila mtu mwenye kipaji cha kuchora huutamani mlango huo kwanza, na ndio mwembamba kuliko yote. Sababu yake ni hesabu tu. Mchoraji mmoja anaweza kumaliza karatasi ya mhusika kwa siku kadhaa. Kumjenga mhusika huyohuyo katika 3D, kumvika ngozi (picha zinazofunika umbo), kumtia mifupa na kumfanya atembee huchukua wiki nyingi na mikono ya watu watatu au wanne. Studio ikiwa na wachoraji wa dhana wawili, imeshawapatia kazi watu kumi walio nyuma yao. Tena zile picha za kuvutia unazoziona mtandaoni mara nyingi ni za matangazo. Kazi ya kila siku ya mchoraji wa dhana ni kuonyesha mkanda wa shujaa unavyofungwa mgongoni, bawaba ya mlango inavyozunguka, na taa moja kwa namna kumi na mbili ili mkubwa wa sanaa achague. Ukiipenda kazi hiyo ya kutatua, songa mbele. Ukiwa unapenda picha iliyokamilika tu, utateseka.

Nyuma ya mlango huo kuna nyumba kubwa. Wajenzi wa mazingira, ambao katika gemu za ulimwengu mpana, ambamo mchezaji huzurura apendako, ndio wengi, hujenga miji, mapango, misitu na kuta zilizonyeshewa mvua miaka hamsini. Wachongaji wa wahusika hufanya kazi inayofanana na ya mfinyanzi kuliko ya mchoraji, na sitashangaa kama moyo wako utatua hapo. Kuna wanaotia mifupa ndani ya umbo ili bega likiinuka nguo nayo ifuate. Wahuishaji ni waigizaji waliojificha; wao wanajua kwamba mzee habebi ndoo kama kijana. Wengine kazi yao ni madoido, yaani moto, vumbi, cheche za upanga. Wengine mwangaza. Wengine kiolesura: vitufe, ramani, alama za uhai, maandishi yanayosomeka hata kwenye kioo kidogo cha simu. Na yuko msanii fundi, anayekaa katikati ya wasanii na waandika programu, akitunga sheda (programu ndogo zinazoiambia mashine uso wa kitu uonekane vipi) na vijiprogramu vya lugha ya Python vinavyorahisisha kazi za wenzake. Katika miaka yangu ya kusaili watu, nafasi za madoido, kiolesura na usanii fundi ndizo zilizokaa wazi muda mrefu, huku nafasi moja ya mchoraji wa dhana ikiletewa maombi yasiyosomeka yakaisha.

Kinachowaunganisha wote hawa, na kinachowatenganisha na wachoraji wengine, ni kwamba picha yao lazima iende, yaani ichorwe na mashine papo hapo mchezaji anapocheza. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana, inaipa mashine takriban milisekunde 16.7 tu kuchora upya kila kilichomo kwenye skrini. Filamu ya katuni inaweza kutumia saa nyingi kwa fremu moja. Gemu haina nafasi hiyo. Ndiyo maana msanii wa gemu huishi ndani ya bajeti: poligoni ngapi (vile vipande bapa vidogo vinavyounganishwa kama wavu kufanya umbo), picha za ngozi za ukubwa gani, taa ngapi. Bajeti hii haiui sanaa. Mwaka 1981 Mjapani Shigeru Miyamoto wa kampuni ya gemu ya Nintendo alipomchora yule mhusika ambaye baadaye ulimwengu ulimwita Mario, alikuwa na pikseli chache mno. Akamvika kofia ili asihangaike na nywele, akampa masharubu ili pua ionekane, na ovaroli ili mikono itofautiane na mwili inapopunga. Sura inayojulikana dunia nzima ilizaliwa na ufinyu. Na kumbuka Miyamoto hakusomea gemu. Alisomea usanifu wa bidhaa za viwandani, kisha akaingia Nintendo mwaka 1977.

Mimi somo hili nililipata kwa mzee mvuvi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kulipwa: kumchonga mvuvi mzee wa kijijini. Nilimpa kila kunyanzi la paji la uso, kila mshipa wa mkono. Mhuishaji alinirudishia siku ileile na picha moja: mzee amekunja mkono, na kiwiko chake kimenywea kama mpira wa maji uliopindwa. Uso nilikuwa nimeupa siku tisa, kiwiko sikukipa hata saa moja. Wavu wa poligoni sikuusuka kufuata mzunguko wa kiungo, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kukunjika. Nilisuka mwili wote upya. Tangu siku hiyo, kila nikichonga najiuliza nani atakipokea kitu hiki baada yangu na atataka kukifanya nini. Injini za sasa, yaani programu zinazoendesha gemu, zimelegeza kamba kwa upande fulani: Unreal Engine 5, iliyotoka rasmi Aprili 2022, ina mfumo uitwao Nanite unaobeba miamba na majengo yenye mamilioni ya poligoni bila msanii kuyapunguza kwa mkono. Lakini kiwiko bado ni kiwiko.

Sasa lile jambo la kufanya kabla ya masomo. Jenga pipa. Pipa la mbao lenye pete za chuma, la kawaida kabisa, ulipitishe njia nzima hadi likae ndani ya injini ya gemu.

Anza na picha za rejea, thelathini hivi. Tazama mbao zinavyokutana, pete zimekazwa kwa nini, kutu huanzia wapi (huanzia maji yanapotuama, si popote palipo wazi). Kisha jenga umbo katika Blender, programu ya bure ya 3D: kwanza kwa maboksi manene upate uwiano tu, halafu umbo safi. Tengeneza nakala mbili, moja yenye kila ufa na kila msumari, nyingine nyepesi ambayo gemu inaweza kuibeba, kisha uhamishe maelezo ya ile nzito yachapwe kwenye picha zitakazovikwa ile nyepesi, ili mwanga udanganyike na jicho lione nyufa ambazo kwenye umbo hazipo. Kabla ya hapo lazima ulichane umbo na kulitandaza bapa, kama fundi cherehani anavyofumua shati ili apate vipande vyake, uamue mshono ukae wapi usionekane. Hapa wengi hukata tamaa. Usikate, siku ya tatu utaanza kuielewa.

Halafu ngozi. Utagundua kwamba rangi ni sehemu ndogo tu ya kazi. Kinachomfanya mtu aseme "hii ni chuma" ni jinsi uso unavyorudisha mwanga: mahali palipolainishwa na mikono panang'aa, palipo na kutu pamefifia, mbao mbichi hainywi mwanga kama mbao iliyopakwa mafuta. Mfumo unaotumika leo karibu kila studio umejengwa juu ya tabia halisi ya mwanga, na picha zake za msingi ni chache: rangi asili, ukwaruzaji (uso ni laini au mkavu kiasi gani), uchuma (kitu ni chuma au si chuma) na mielekeo ya uso. Ukizielewa hizo kwa pipa, umezielewa kwa ngao, kwa gari na kwa ngozi ya binadamu. Mwisho liweke pipa ndani ya injini, liwashie taa moja, ulitazame kutoka umbali ambao mchezaji angelitazama. Nusu ya vitu ulivyohangaika navyo havitaonekana kabisa. Hilo nalo ni somo.

Mara ya kwanza litakuchukua wiki mbili au tatu, na litakuwa baya. Jenga vitu viwili zaidi, kisha kona moja ya chumba. Katikati ya hapo jaribu pia mpira unaodunda na mtu anayetembea, kwa sababu pipa halikwambii kama una jicho la mwendo. Na mchore mhusika wako mmoja kwa karatasi kamili: mbele, nyuma, ubavuni, viatu, vifungo. Baada ya miezi mitatu au minne jiulize ni hatua ipi ilikufanya usahau kula, na ni ipi uliyoiahirisha kila jioni. Hapo ndipo utakapojua unatafuta kazi gani, na ukishaijua kazi, swali la chuo linakuwa jepesi kuliko lilivyo leo.

Kwa upande wa vifaa, usihangaike. Blender ni bure tangu 2002, pale jamii ya watumiaji wake ilipochanga euro 100,000 kwa wiki saba ili ikombolewe na kuachiwa umma, na mwaka 2025 filamu ya katuni iliyotengenezwa nayo ilishinda Oscar. Krita ni bure kwa kuchora. Godot ni injini ya bure, na Unreal haidai kitu mpaka gemu yako iingize dola milioni 1. Studio kubwa nyingi zinatumia programu za kulipia kama Maya, ZBrush na Substance, na utazijifunza wakati wake ukifika. Anayejua kuchonga huhama programu kwa wiki chache. Wapo wanaobishana miaka kuhusu programu bora bila kumaliza hata pipa. Mchagua jembe si mkulima.

Nirudi kwenye vyuo. Niliposema mkopo nisingeugusa, nilikuwa na kisa kimoja akilini, na baba yako akijue. Nchini Marekani kulikuwa na mlolongo wa vyuo binafsi uitwao The Art Institutes, uliojitangaza sana kwa fani za gemu na uhuishaji. Septemba 2023 matawi 8 yaliyokuwa yamebaki yalifungwa, wanafunzi wakiwa wamearifiwa siku chache tu kabla. Mei 2024 serikali ya Marekani ikatangaza kufuta madeni ya dola bilioni 6.1 ya wakopaji wapatao 317,000 waliosoma huko kati ya 2004 na 2017, ikieleza kwamba walidanganywa kuhusu wahitimu wangapi wanapata kazi na wanalipwa kiasi gani. Hao si watu wajinga. Walikuwa vijana kama wewe, wanaopenda kuchora, walioonyeshwa kijitabu chenye picha nzuri.

Kwa hiyo ukienda kukitazama chuo chochote, achana na kijitabu. Omba kuona kazi za wahitimu wa mwaka jana, tena usikubali kuonyeshwa za yule mmoja bora. Omba kuona za wanafunzi wa katikati, maana huko ndiko utakakoangukia ukiwa na bidii ya kawaida. Waulize wanaposema asilimia fulani wameajiriwa, wamemhesabu pia anayeuza simu dukani? Tafuta kazi za walimu wenyewe uone za mwisho zilitoka lini. Na uliza kama wanafunzi wa sanaa na wa programu hutengeneza gemu pamoja, kwa sababu hilo halifundishwi ubaoni.

Vyuo maalumu vizuri vipo, sitaki uniseme nimevitukana. Gnomon ilianzishwa Hollywood mwaka 1997 na inajulikana kwa ukali wa mafunzo ya 3D. Howest ya Kortrijk nchini Ubelgiji ina shahada ya sanaa za dijitali inayoheshimika sana na studio. DigiPen, iliyoanzia Vancouver mwaka 1988 na sasa iko Redmond nchini Marekani, ndiyo ninayoitumia kama mfano wa nguvu ya kazi ya pamoja: mwaka 2005 kundi la wanafunzi wake walionyesha gemu yao ya masomo, Narbacular Drop, kampuni ya Valve ikawaajiri kundi zima, na wazo lao likawa gemu ya Portal ya 2007. Valve haikuangalia vyeti vyao. Iliona kitu kinachochezeka, kilichotengenezwa na watu waliojua kufanya kazi pamoja. Chuo cha namna hiyo, kikiwa na ufadhili au ada ambayo familia inaibeba bila kuweka nyumba rehani, nenda hata kesho.

Sasa kwa nini chuo cha umma kisicho na somo la gemu? Kwa sababu kitakupa vitu viwili ambavyo mtandao hauvitoi kirahisi. Cha kwanza ni mkono na jicho. Kuchora mwili wa mtu aliyesimama mbele yako, saa nyingi, mwalimu akiwa nyuma yako anakwambia nyonga imekaa vibaya. Kuelewa rangi, kivuli, uwiano, historia ya mavazi na majengo. Programu zinazeeka, maarifa haya hayazeeki. Kila mara ninapoona mhusika wa 3D mwenye ngozi ya ajabu na shingo iliyochomekwa kama chupa, najua mwenye kazi aliruka hatua hii. Cha pili ni shahada yenyewe. Studio nyingi hazitakuuliza cheti, zitauliza kazi zako. Lakini mipaka ya nchi inauliza. Kibali cha kazi cha H-1B cha Marekani, kwa mfano, kinadai shahada au kinacholingana nayo, na nchi nyingine nyingi huipa shahada uzito zinapoamua nani aingie. Kijana wa miaka 19 hajui atataka kufanya kazi wapi akiwa na 28. Usiufunge mlango huo mapema kama unaweza kuuacha wazi kwa bei nafuu.

Ila sikiliza masharti. Mchana uwe wa chuo, na jumla ya saa 10 hadi 15 kila wiki ziwe za 3D na injini, bila kuruka. Kila kazi ya chuo inayokuruhusu kuchagua mada, igeuze iwe ya gemu: ukipewa kuchora majengo, chora mtaa ambao baadaye utaujenga, ukipewa uchongaji wa udongo, chonga kichwa ambacho utakirudia kwenye kompyuta. Bila masharti hayo utatoka na shahada nzuri na mikono mitupu.

Rafiki yako naye hajakosea sana. Kila kitu cha kiufundi kipo mtandaoni, na nimeajiri watu wasio na cheti chochote waliokuwa hodari kuliko mimi nilipokuwa na umri wao. Kinachokosekana huko ni mtu wa kukukosoa kwa ukweli, na tarehe ya mwisho. Watu huangalia mafunzo mwaka mzima, wakarudia kiti kilekile cha mwalimu wa video, wakadhani wamejifunza. Dawa ya la kwanza ni kulipa mara chache msanii anayefanya kazi akutazamie kazi yako, au kujiunga na kundi la wanaojifunza ambalo halisifiani ovyo. Dawa ya la pili ni mashindano ya kutengeneza gemu kwa muda mfupi. Global Game Jam imekuwa ikifanyika kila mwaka mwezi Januari tangu 2009, na watu wa nchi nyingi hutengeneza gemu ndani ya siku chache. Waandika programu humo daima wanatafuta msanii. Siku hizo zitakufundisha kukata, kukubaliana na kukabidhi faili zilizopewa majina yanayoeleweka, jambo ambalo ni dogo kwa jina tu.

Ukifika wakati wa kuandaa potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako wa kumwonyesha mwajiri, weka vitu vinne hadi sita, vyote vya upande mmoja wa kazi. Anayetafuta mjenzi wa mazingira akikuta picha mbili za mazingira, katuni, nembo ya duka na mchoro wa penseli wa msanii maarufu, hajui akuweke wapi, na ana wengine mia wa kutazama. Kazi yako dhaifu kuliko zote ndiyo atakayoikumbuka, kwa hiyo iondoe hata kama uliitolea jasho. Onyesha umbo likiwa tupu, wavu wake ukionekana, na picha za ngozi zikiwa zimetandazwa; mimi hutazama hizo kabla ya picha ya mwisho, kwa sababu wavu hausemi uongo. Chini ya kazi ya pamoja andika sehemu uliyofanya wewe na ya wenzako. Na usichapishe kazi uliyoifanya chini ya mkataba wa usiri mpaka uruhusiwe kwa maandishi.

Mwambie baba kwamba swali lake ni la haki na nisingependa ajibiwe kwa maneno matamu. Kazi hii imepitia kipindi kigumu. Januari 2024 Microsoft ilipunguza watu 1,900 katika kitengo chake cha gemu, na mwezi uliofuata Sony ikapunguza 900 katika PlayStation. Wasanii wenye uzoefu walirudi sokoni wakashindana na wanaoanza. Na akili mnemba imeshagusa kazi: picha za haraka za kutafuta wazo, aikoni ndogondogo, picha za matangazo ya bei ya chini, hizo zimepungua mikononi mwa wachoraji. Ukitaka kujua kwa nini nakusukuma uende mbele ya mchoro wa dhana, hiyo ni sababu ya pili.

Lakini kati ya picha na kitu kinachokwenda ndani ya gemu kuna safari ndefu. Picha iliyotemwa na mashine haina nyuma, haina mifupa, haijui kwamba mlango lazima uwe mpana ili mhusika mwenye ngao apite, wala haifanani na picha iliyotemwa jana. Sheria nazo zinasuasua: Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani imeshikilia kwamba kilichotolewa na mashine bila ubunifu wa binadamu hakisajiliki, na tangu Januari 2024 Steam, duka la mtandaoni la gemu, linamtaka mtengenezaji atangaze akitumia akili mnemba. Studio zinazotaka kumiliki wahusika wao zinalitazama hilo kwa makini. Sijui mtu mwenye akili timamu anayeweza kukuahidi miaka kumi ijayo. Ninachokiona ni kwamba anayeelewa njia nzima, kutoka mchoro hadi injini, ana mahali pa kusogea kazi moja ikipungua. Na ujuzi huohuo wa 3D ya papo kwa papo unatumika nje ya gemu: wasanifu majengo wanaowaonyesha wateja nyumba isiyojengwa, mafunzo ya marubani na madaktari, filamu, matangazo. Nawafahamu wasanii wa gemu waliopitia huko miaka miwili mitatu wakati studio zilipofunga, wakarudi.

Hisabati. Kwa kuchora dhana, hapana. Kwa kuchonga na mazingira, utahitaji kuwa mtulivu mbele ya pembe, uwiano na vipimo, basi. Kwa madoido na usanii fundi, ndiyo: vekta, sine na kosine utakutana nazo kila siku. Ila ngoja kwanza. Wengi waliochukia sine darasani huipenda mara ya kwanza inapotikisa majani ya mti waliouchonga wenyewe, kwa sababu sasa wanaiona. Usijifungie mlango wa sheda kwa ajili ya mtihani wa miaka miwili iliyopita.

Kwa hiyo wiki hii pata ile orodha ya masomo ya chuo binafsi, uihesabu pamoja na wazazi. Thibitisha nafasi yako ya chuo cha umma isije ikapotea. Kisha anza pipa, na likiisha nitumie picha tatu: likiwa tupu na wavu wake, ngozi yake ikiwa imetandazwa, na likiwa ndani ya injini chini ya taa moja. Usinitumie lile la pili uliloliboresha. Nitumie la kwanza, hivyohivyo lilivyo, na uniandikie chini yake ulipokwama.